Kilichopungua kimekwenda wapi?

Juma lililopita nilikuwa katika kituo kimoja cha petroli hapa Nairobi nikingojea zamu yangu. Mbele yangu palikuwa na bwana mmoja nadhifu, shati jeupe na tai, aliyekuwa akiwapeleka wanawe shuleni. Kijana wa kituo alimwuliza iwapo angependa boneti ifunguliwe ili maji yatazamwe. Bwana yule alitabasamu. "Usijali, kijana," akamwambia. "Maji mimi hutia kila asubuhi, lita nzima. Gari hili halijawahi kunisumbua."

Msomaji mpenzi, nilitamani kushuka nikamshike mkono. Gari linalokunywa lita nzima ya maji kila asubuhi linasumbua tayari, ila mwenyewe hajaketi akajiuliza maji hayo huenda wapi. Sikushuka. Foleni ilisonga, naye akaondoka na watoto wake. Lakini tangu siku hiyo nimekuwa nikimfikiria, kwa sababu kuna wakati mimi pia nilikuwa kama yeye, na nusura nilipe kwa roho za watu watano.

MTEREMKO WA MAI MAHIU

Ilikuwa Desemba 2019. Shule zilikuwa zimefungwa na, kama ilivyo ada, tulifunga virago kwenda kwetu Kisii kwa Krismasi. Ndani ya gari tulikuwa watano: mimi na mama watoto, watoto wetu wawili, na mama yangu mzazi aliyekuwa amekuja Nairobi kutibiwa macho. Buti lilijaa mchele, sukari, mablanketi na madebe mawili ya rangi ya nyumba. Gari lilikuwa zito kuliko lilivyowahi kuwa mwaka mzima.

Majuma matatu kabla ya safari hiyo, taa moja nyekundu ilikuwa imeanza kuwaka kwenye dashibodi kila nilipokata kona, kisha ikazima. Ni ile yenye alama ya mshangao katikati ya duara. Nilifungua boneti nikaona kwamba mafuta ya breki yameshuka chini ya alama. Nikanunua chupa ndogo kwa shilingi 400, nikajaza hadi juu. Taa ikazima na haikuwaka tena. Nilijipiga kifua. Hata nilimwambia mama watoto kwamba nimetuokolea pesa za fundi.

Tulipita Limuru, tukaanza kuteremka kuelekea Mai Mahiu. Wanaoijua barabara ile, iliyojengwa na mateka wa Kiitaliano wakati wa Vita Vikuu vya Pili vya Dunia, wanajua ilivyo nyembamba, mlima upande mmoja na Bonde la Ufa upande wa pili. Mbele yetu palikuwa na msururu wa malori. Gari letu ni otomatiki, nami nilikuwa nimeiacha gia kwenye D kana kwamba niko Thika Road. Kila baada ya hatua chache nilikanyaga breki, nikaachilia, nikakanyaga tena.

"Mwanangu," mama akasema kutoka kiti cha nyuma, "kuna kitu kinaungua."

"Ni yale malori, Mama," nikamjibu.

Katika kona iliyofuata nilikanyaga breki na mguu ukazama hadi sakafuni, kama niliyekanyaga sifongo. Nikakanyaga tena. Vivyo hivyo. Lori lililokuwa mbele likawa linakuja kwetu, ingawa kwa kweli ni sisi tuliokuwa tukilifuata.

Sitajisifu kwamba nilikuwa shujaa. Nilipigwa na butwaa. Ni mama watoto aliyepaza sauti: "Baba watoto, gia ya chini! Weka gia ya chini!" Nikavuta gia hadi 2, kisha L. Injini ikanguruma, gari likaanza kujizuia lenyewe. Nikaendelea kukanyaga breki na kuachilia upesi upesi, huku mkono mwingine ukivuta breki ya mkono kidogo kidogo. Mungu si Athumani. Tulisimama kwenye kiwanja kidogo cha changarawe ambapo wachuuzi huuza ngozi za kondoo na wasafiri hutazama bonde. Mbele yetu palikuwa na ukuta mfupi wa mawe, na nyuma ya ukuta huo hewa tupu.

Hakuna aliyenena kwa muda. Kisha mtoto wetu mdogo, aliyekuwa amelala safari yote, akaamka akauliza kama tumefika.

SWALI LA FUNDI

Mchuuzi mmoja alitupigia simu kwa fundi anayemjua kule chini. Mama, mama watoto na watoto wakashuka kwa matatu hadi Mai Mahiu. Baada ya kama saa moja hivi fundi akafika kwa bodaboda, mfuko wa spana mapajani. Alikuwa mzee wa mvi na miwani iliyofungwa kwa uzi. Alikanyaga breki. La ajabu ni kwamba zilikuwa zimerudi! Sikuyaamini macho yangu. Mzee hakushangaa hata kidogo. Alifungua gurudumu la mbele, akanionyesha pedi. Zilikuwa zimekwisha kabisa, chuma kinasugua diski.

"Mwalimu," akaniuliza, maana tayari alikuwa amejua kazi yangu, "mafuta ya breki ulijaza lini?"

"Majuma matatu sasa, Mzee."

"Na yale yaliyopungua yalikuwa yamekwenda wapi?"

Sikuwa na jibu. Nilikuwa nimesomesha watoto wa watu kwa miaka mingi, lakini swali hilo rahisi halikuwa limenijia akilini.

Mzee akanieleza taratibu, nami nitakueleza vivyo hivyo. Mafuta ya breki hayatumiki kama petroli. Yamefungiwa ndani ya mabomba, na kazi yake ni kusukuma pedi zibane diski. Kadiri pedi zinavyokwisha, ndivyo vipistoni vinavyozisukuma vinavyosogea mbele, na mafuta hufuata nyuma yake kujaza nafasi hiyo. Kwa hivyo kiwango katika kile kichupa cha juu hushuka. Yaani mafuta yangu hayakuwa yamepotea. Yalikuwa yakiniambia kwamba pedi zimekwisha. Mimi nikayanyamazisha kwa shilingi 400.

Na je, mbona breki zilipotea kisha zikarudi? Mafuta ya breki hunyonya unyevu kutoka hewani mwaka baada ya mwaka. Yale ya DOT 3 yakiwa mapya hayachemki kabla ya nyuzi 205 za Selsiasi, lakini yakishanyonya unyevu yanaweza kuchemka kwenye nyuzi 140 hivi. Mimi nilikuwa sijabadilisha ya kwangu tangu ninunue gari. Kwenye mteremko breki zilipata moto, mafuta yakachemka, mapovu yakaingia ndani ya mabomba. Mafuta hayabanwi lakini mapovu hubanwa, ndiyo maana mguu ukazama. Yalipopoa, mapovu yakapotea na breki zikarudi. Mtu asiyejua angewasha gari na kuendelea na safari, akafie kona ya pili.

Pedi mpya, mafuta mapya na kazi yake Mzee vilinigharimu chini ya shilingi 7,000. Tangu siku hiyo swali lake limekuwa sheria nyumbani kwangu. Chochote kinachopungua ndani ya gari, kabla hatujajaza tunauliza: kilichopungua kimekwenda wapi? Hebu tulipeleke swali hilo sehemu moja baada ya nyingine.

MAFUTA YA BREKI

Kichupa chake aghalabu huwa cheupe, karibu na upande wa dereva, chenye alama za MIN na MAX. Huna haja ya kukifungua. Simama utazame kwa nje. Kiwango kikishuka polepole kwa miezi mingi, pedi zinakwisha. Kikishuka kwa siku chache, kuna mahali panapovuja. Chungulia ndani ya kila gurudumu na chini ya gari uone kama pana unyevu. Gari linalovuja mafuta ya breki halifai kuendeshwa hata hadi dukani.

Mafuta yenyewe yabadilishwe kila baada ya miaka miwili hivi, hata kama kiwango hakijashuka. Ukiyaona yamekuwa meusi kama chai ya rangi, ujue yamechelewa. Na ukisikia breki zikilia kama chuma kinachokwaruza, usiongeze sauti ya redio.

MAJI YA REJETA

Sasa tumrudie bwana wa shati jeupe. Maji ya injini yamefungiwa pia. Huzunguka, hupokea joto, hupita kwenye rejeta, hupoa, hurudi. Gari zima lisilo na ugonjwa linaweza kukaa miezi bila kuongezwa. Likihitaji lita moja kila asubuhi, maji hayo yana njia tatu tu za kutokea.

Ya kwanza ni nje: mpira uliopasuka, rejeta iliyotoboka, au pampu ya maji inayodondoka. Weka kipande cha boksi chini ya injini usiku, asubuhi utaona. Ya pili ni hewani: kifuniko cha rejeta kimelegea na mvuke unatoroka. Ya tatu, ambayo ni mbaya kuliko zote, ni ndani: gasketi ya hedi imeungua na maji yanaingia kwenye silinda au kwenye oili. Dalili zake ni moshi mzito mweupe usiokwisha hata injini ikishapata joto, au oili iliyogeuka rangi kama chai ya maziwa. Ukiona hilo, zima gari, umwite fundi.

Wanafunzi wanaosoma ukurasa huu watanielewa upesi hapa. Maji huchemka kwenye nyuzi 100 pwani, lakini Nairobi, kwa sababu ya mwinuko, huchemka kwenye nyuzi 94 au 95 hivi. Injini nayo hufanya kazi kwenye nyuzi 90 na zaidi. Kinachozuia maji yasichemke ni kile kifuniko kidogo, ambacho hubana shinikizo ndani. Kifuniko kikiwa kibovu, gari litachemka kila unapopanda mlima hata kama rejeta ni mpya kabisa. Nimewahi kuona watu wakibadilisha rejeta nzima kwa kosa la kifuniko cha shilingi mia chache.

Kwa sababu hiyo hiyo, usifungue kifuniko injini ikiwa moto. Shinikizo likitoka ghafla, maji huchemka papo hapo na kukurukia usoni pamoja na mvuke. Subiri angalau nusu saa, ushike mpira wa juu wa rejeta uhakikishe umepoa, kisha utumie kitambaa. Na unapojaza, tumia yale maji ya rangi yanayouzwa kwa ajili ya rejeta. Maji ya mfereji peke yake huleta kutu, na kutu ndiyo itakayotoboa rejeta yako mwakani.

OILI YA INJINI

Egesha gari mahali tambarare, uzime injini, usubiri kama dakika kumi. Chomoa kijiti cha kupimia, kipanguse, kirudishe hadi mwisho, kichomoe tena usome. Oili iwe kati ya alama mbili. Kujaza kupita alama ya juu pia ni kosa.

Oili hupungua kidogo kidogo katika magari yaliyozeeka, na hilo peke yake halina kioja. Lakini ikipungua sana kati ya huduma moja na nyingine, swali ni lile lile. Kama inamwagika, utaona alama nyeusi pale unapoegesha. Kama inaungua, mwombe mtu akufuate nyuma: moshi wa samawati ni oili inayoungua. Moshi mweusi ni petroli inayozidi.

Kuongeza oili si sawa na kubadilisha oili. Nina jirani aliyeringa kwamba hajabadilisha oili kwa mwaka na nusu kwa sababu "anaongeza tu". Oili chafu huisaga injini polepole kama mchanga kwenye meno. Kitabu cha gari lako ndicho mwamuzi, lakini mafundi wengi hapa kwetu huhesabu kilomita 5,000 kwa oili ya kawaida, na ushauri huo si mbaya kwa gari linalokaa foleni za Nairobi kutwa.

UPEPO WA MATAIRI

Tairi zima hupoteza upepo kidogo kila mwezi, kiasi cha pauni moja au mbili. Kwa hivyo pima angalau mara mbili kwa mwezi, asubuhi tairi likiwa bado baridi. Kiwango kinachofaa kimeandikwa kwenye kibandiko katika fremu ya mlango wa dereva. Kiwango cha safari yenye mzigo huwa tofauti na kile cha siku za kawaida, na vibandiko vingi huonyesha vyote viwili.

Lakini tairi moja likiwa linapungua kila juma huku mengine matatu yametulia, usifanye urafiki na mashine ya upepo. Kuna msumari, au vali imechoka, au rimu imepinda. Tairi lenye upepo mdogo hujikunja, hupata moto, na barabara ndefu yenye jua kali ndipo hupasuka. Halipasuki mbele ya kituo cha petroli ambapo kila siku linatiwa upepo.

Tazama pia meno. Ndani ya mifereji ya tairi kuna vijiti vidogo vya mpira. Meno yakishalingana na vijiti hivyo, yamebaki milimita 1.6 na tairi halifai tena kwenye mvua. Meno yakilika upande mmoja tu, magurudumu hayajanyooka au bushi zimekwisha.

Jambo la mwisho kuhusu matairi wengi wetu hatulijui. Tairi huzeeka hata kama halijatembea. Karibu na neno DOT kuna namba nne ndani ya duara refu. Ukiona 3518, maana yake ni kwamba lilitengenezwa juma la 35 la mwaka 2018. Likishapita miaka mitano likaguliwe na anayejua, na likishafika kumi liachwe hata kama meno yanang'aa. Magari mengi tunayoyanunua kutoka Japani huja na matairi yake ya zamani, na mengine huja na yale ya theluji, yaliyoandikwa STUDLESS. Mpira wake ni laini, umetengenezewa baridi. Joto la Kibwezi si lake. Na ukishasoma ya nje, fungua buti usome na lile la akiba.

BETRI

Betri za kuongezwa maji zimepungua siku hizi, lakini bado zipo. Maji yake yakiisha haraka, huenda altaneta inachaji kupita kiasi na kuyachemsha. Fundi wa umeme atapima kwa dakika moja: injini ikiwaka, kipimo kiwe kati ya volti 13.5 na 14.5 hivi. Kikizidi 15 kuna kasoro. Maji ya kuongeza ni yale yaliyotoneshwa, yanayouzwa kwa chupa, wala si ya mfereji. Ule unga mweupe au wa kijani kwenye vichwa vya betri huoshwa kwa maji moto yaliyotiwa magadi, lakini kwanza zima gari na ufungue nyaya, ukianza na ile ya hasi.

DAFTARI LA MAMBO MADOGO

Swali la Mzee haliwezi kujibiwa na mtu asiyekumbuka. Ukijaza leo, ukajaza tena baada ya majuma matatu, utaapa kwamba ulijaza mara moja tu. Kwa hiyo tulinunua daftari la shilingi 50 tukaliweka ndani ya kijidroo cha dashibodi. Kila Jumamosi asubuhi, kabla injini haijawashwa, mimi na binti yangu mkubwa tunazunguka gari kwa dakika kumi. Mimi nasoma, yeye anaandika: tarehe, kilomita, maji, oili, breki, upepo wa kila tairi. Kama tumeongeza kitu, anaandika ni kiasi gani.

Mwishowe tunawasha taa zote. Mtoto mdogo husimama nyuma ya gari na kupaza sauti: "Breki! Kushoto! Kulia!" Jirani zetu walicheka mwanzoni. Sasa wawili kati yao wana madaftari yao.

Mnamo Oktoba 2022 binti yangu, wakati huo akiwa darasa la nane, alinijia akiwa na daftari mkononi. "Baba," akasema, "maji yamepungua Jumamosi tatu mfululizo. Juma la kwanza kikombe, la pili vikombe viwili, la tatu vikombe vitatu." Mimi sikuwa nimeona lolote. Kipimo cha joto kilikuwa pale pale, gari halikuwa limechemka. Nililipeleka kwa fundi, naye akakuta pampu ya maji imeanza kuvuja. Tukaibadilisha katikati ya juma, bila haraka, bila kuvutwa. Desemba tukaenda Kisii tukarudi.

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Lakini kabla ya kuuziba sharti uuone, na ufa mdogo hauonekani na mtu anayeutazama mara moja tu.

VYA KUAZIMA HAVIPO NJIANI

Kabla ya kufunga boneti, hakikisha kwamba unabeba pembetatu mbili za kuakisi mwanga, mtungi wa kuzimia moto ambao sindano yake iko sehemu ya kijani, sanduku la huduma ya kwanza, jeki inayofanya kazi, na spana inayoingia kwenye nati za gari lako. Jaribu kulegeza nati moja nyumbani mwako. Nati zilizokazwa na mashine ya gereji zimewaliza watu wengi usiku wa manane.

Mikanda ya usalama nayo ivutwe kwa ghafla mmoja baada ya mwingine. Usioshika ni pambo tu. Anza na ile ya nyuma, maana huko ndiko wanakoketi watoto na wazee wetu.

Na iwapo siku moja mguu utazama kama wangu, kumbuka mambo matano. Usizime injini, kwa maana usukani utakuwa mzito na huenda ukajifunga. Kanyaga na uachilie breki upesi upesi. Shusha gia moja baada ya nyingine. Vuta breki ya mkono polepole, si kwa kishindo. Taa za hatari ziwake ili wenzako wakupishe.

BARUA YA JUMA

Mwanafunzi mmoja wa chuo ambaye ameanza kuendesha gari la babake anauliza: "Je, ni kweli kwamba ukitoa gia kwenye mteremko unaokoa petroli? Rafiki zangu husema hivyo."

Kijana wangu, si kweli. Magari ya siku hizi yenye sindano za petroli hukata petroli yenyewe unapoteremka ukiwa ndani ya gia bila kukanyaga mafuta. Ukitoa gia, injini inahitaji petroli ili isizime, kwa hivyo unatumia zaidi badala ya kuokoa. Na hilo ni dogo. Kubwa ni kwamba umeipa breki mzigo wote uliokuwa ukibebwa na injini. Sehemu kama Salgaa zilipata sifa mbaya miaka mingi kwa sababu ya malori yaliyoteremka bila gia. Teremka kwa gia ya chini tangu juu ya kilima, usingoje mpaka gari likukimbie. Hili nalijua vizuri. Nililifunza mwili wangu Mai Mahiu.

Nami nina neno moja kwa bwana wa shati jeupe, iwapo ukurasa huu umemfikia. Ndugu yangu, kesho asubuhi utakaposhika ile chupa yako ya lita moja, usiimimine kwanza. Iweke chini, uiname, utazame. Maji ya jana yamekwenda mahali. Ni heri uyatafute wewe leo ukiwa nyumbani kuliko yakutafute barabarani wanao wakiwa kiti cha nyuma.

Tukijaliwa, tukutane Jumapili ijayo. Safari njema.